Wanafunzi wamefundisha bodaboda usalama. Tutajuaje kama kuna kilichobadilika?

Swali limetoka kwa mwalimu wa sekondari wilayani Busia, upande wa Uganda. Mwaka jana klabu yake ya wanafunzi wa S2 na S3, yaani mwaka wa pili na wa tatu wa sekondari, ilizunguka kwenye stegi za bodaboda ikihimiza uvaaji wa helmeti na mwendo wa pole karibu na shule. Waliohudhuria walijaza fomu, na karibu wote wakaandika kwamba wamefaidika. Picha zikapigwa, afande wa trafiki akaja kufunga shughuli, ripoti ikapelekwa ofisini. Sasa mkuu wa shule anauliza kama ajali zimepungua, na mwalimu hana la kumjibu. Anataka kujua apime nini, apime vipi na watoto wasio na bajeti, na kama kazi ya mwaka jana, ambayo hawakuhesabu chochote kabla ya kuianza, ndiyo imeshapotea.

Mwalimu, mkuu wako ana haki ya kuuliza, lakini ajali si kipimo cha klabu yako. Kipimo chenu ni kile kinachoonekana kwa macho boda inapopita mbele ya lango la shule: dereva amevaa helmeti au hakuvaa, mkanda wa kidevuni umefungwa au unaning'inia, abiria naye amepewa yake au la. Hesabuni hayo kabla ya kufundisha na baada ya kufundisha, na mhesabu vilevile kwenye stegi ambazo hamkuzigusa. Hapo mtakuwa na jibu ambalo hata mtu asiyewapenda hatalipuuza.

Nieleze kwa nini ajali hazifai. Kitaifa hesabu ni kubwa na inatisha: ripoti za polisi zinaonyesha watu 4,806 walikufa barabarani nchini mwaka 2023, na 5,144 mwaka 2024. Lakini ukiteremka hadi kwenye njia panda moja ya Busia, muhula mmoja unaweza kuleta majeruhi watatu, unaofuata watano, mwingine mmoja. Tuseme kawaida yenu ni majeruhi wanne kwa muhula. Mkifundisha, muhula unaofuata wakapatikana wawili, mtashangilia kwamba wamepungua kwa nusu. Ila mahali penye wastani wa wanne, muhula wa majeruhi wawili au pungufu hutokea wenyewe, bila mtu kufanya lolote, takriban mara 1 katika kila 4. Hakuna mtu makini atakayekubali ushahidi wa namna hiyo, na wewe usiukubali.

Tena miradi hii huanza lini? Huanza baada ya msiba. Mtoto amegongwa, wazazi wamekuja juu, shule imeamua kufanya kitu. Yaani mnaanza kuhesabu katika kipindi kibaya kupita kawaida, na baada ya kipindi kibaya namna hiyo hali hurudi kwenye kawaida yake hata mkikaa kimya. Nimesoma ripoti nyingi za wanafunzi zilizojipongeza kwa kushuka huku. Hazikudanganya kwa makusudi, ila zilianza kuhesabu pabaya.

Kuna na suala la rejesta. Ajali ya boda ambayo dereva na aliyegongwa wamepatana papo hapo haifiki kituoni. Aliyevunjika mkono akaenda kwa mganga wa mifupa kijijini haandikwi na polisi wala na kituo cha afya. Ukitaka kuona pengo hilo, mwombe OC, yaani mkuu, wa trafiki jumla ya majeruhi wa boda kwa miezi mitatu, bila majina, kisha mwombe mganga mkuu wa kituo cha afya jumla ya miezi ileile. Ukiona zinakaribiana, nitashangaa. Zitumie kuwaelewesha wanafunzi ukubwa wa tatizo, lakini usizitumie kupima kazi yao.

Sasa zile fomu. Najua zinapendwa kwa kuwa ni rahisi na majibu yake yanafurahisha. Lakini dereva wa boda aliyekaa kwenye kivuli na watoto wa jirani zake, wakampa soda na kumwita mzee, atawaandikia nini? Ni adabu tu. Historia ya kazi hii ya kupima miradi ina kisa ambacho kila anayesimamia mradi wa vijana angefaa kukijua. Huko Massachusetts, Marekani, kati ya 1939 na 1945, katika miji ya Cambridge na Somerville, mamia ya wavulana waliohofiwa kuingia kwenye uhalifu walipangwa wawiliwawili wanaofanana, kisha kwa kurusha sarafu mmoja akapewa mshauri, msaada wa masomo na matibabu, na kambi za likizo, mwenzake akaachwa kama alivyo. Mtafiti Joan McCord aliwafuatilia miaka takriban 30 baadaye, na mwaka 1978 akachapisha alichokikuta. Waliosaidiwa wengi wao walisema mradi uliwafaa. Lakini walipolinganishwa na wenzao walioachwa, hali yao haikuwa bora, na katika mambo kadhaa, yakiwemo maradhi, ulevi na kurudia makosa, ilikuwa mbaya zaidi. Kama wasingalikuwepo wale wenzao wa kulinganishwa nao, mradi ule ungebaki kwenye vitabu kama ushindi mtupu. Kwa hiyo shukrani za watu zipokee kwa moyo mweupe, ila usizihesabu kama matokeo.

Utaniuliza: kama ajali hazipimiki, kuhesabu helmeti si ndio kukimbia swali? Hapana, kwa sababu mnyororo una sehemu mbili, kutoka mafunzo hadi helmeti na kutoka helmeti hadi uhai, na sehemu ya pili imeshathibitishwa na wengine. Uchambuzi wa Cochrane, mtandao wa kimataifa wa watafiti wanaopima tafiti za afya, uliokusanya tafiti nyingi kuhusu waendesha pikipiki ulikuta kwamba helmeti inapunguza uwezekano wa kufa kwenye ajali kwa takriban asilimia 42 na wa kuumia kichwa kwa asilimia 69. Kwenye mwendo nako, Shirika la Afya Duniani linasema wastani wa mwendo ukipanda kwa asilimia 1, hatari ya ajali ya kuua hupanda kwa asilimia 4 hivi. Kwa hiyo mkionyesha kwamba helmeti zimeongezeka vichwani au mwendo umeshuka langoni, hamhitaji kusubiri maiti zipungue ndipo mwaminiwe. Kinyume chake, mkionyesha kwamba madereva wanajua majina ya alama za barabarani, hakuna mnyororo wowote hapo. Mtu anaweza kuzitaja zote na bado akapakia abiria watatu.

Basi twende barabarani. Chagua mahali ambapo boda hupunguza mwendo kwa sababu nyingine, labda kwenye matuta au kona, ili watoto waone vizuri. Kaeni kwenye baraza ya duka, mbali na ukingo wa lami. Wanafunzi wawili wahesabu mstari uleule wa boda, upande mmoja tu wa barabara, nusu saa, kila mmoja na karatasi yake bila kuchunguliana. Karatasi iwe na safu chache: dereva amevaa na kufunga, amevaa bila kufunga, amening'iniza kwenye usukani au mkononi, hana kabisa, halafu safu ya abiria. Ile safu ya kuning'iniza usiiache. Ndiyo itakayowaambia kama tatizo ni kukosa helmeti au ni kutoivaa, na hayo ni magonjwa mawili yenye dawa mbili tofauti. Kofia ya mjenzi isihesabiwe kuwa helmeti. Kila boda ihesabiwe bila kuchagua, na zikiwa nyingi mno hesabuni kila ya pili. Mwishoni linganisheni karatasi mbili. Zikitofautiana sana, shida iko kwa wahesabuji, na lazima wafundishwe upya kabla ya kuendelea. Usione aibu kutupa hesabu ya siku ya kwanza yote.

Saa na siku zisibadilike. Kama ya kwanza mlihesabu saa moja hadi saa moja na nusu asubuhi, siku ya soko na siku isiyo ya soko, ya pili iwe hivyohivyo. Andikeni kama mvua ilinyesha. Andikeni kama kulikuwa na askari wa trafiki karibu, maana gwanda jeupe likionekana tu helmeti zote zinapanda vichwani. Na hapa kuna jambo ambalo wengi hawalifikirii: sare ya shule yenu nayo ni gwanda. Dereva aliyefundishwa na watoto wenye sare hiyo akiwaona wameketi na karatasi atavaa helmeti kwa heshima yao, na mtakuwa mmepima heshima. Wahesabuji wavae nguo za nyumbani, na ikiwezekana wasiwe walewale waliofundisha stegi hiyo. Mtoto aliyetoka jasho kufundisha anatamani kuona mabadiliko, na macho hufuata tamaa.

Mwendo nao unapimika bila mashine. Pimeni mita 100 kwa kamba, wekeni alama mbili zinazoonekana, mmoja atumie saa ya simu. Chombo kinachopita kwa sekunde 12 kinakwenda kilomita 30 kwa saa, na kinachopita kwa sekunde 7.2 kinakwenda 50. Umbali wa mita 100 ni bora kuliko 50 kwa kuwa kosa la nusu sekunde la kidole halitaharibu sana hesabu. Hilo ni somo la fizikia la S2 ambalo hawatalisahau.

Kinachobaki ndicho kigumu zaidi, na ndicho kinachotenganisha hesabu na ushahidi: mahali pa kulinganisha. Chukua stegi nane, kwa mfano, zinazofanana kwa ukubwa na aina ya barabara. Andika majina kwenye vipande vya karatasi, mwite mwenyekiti wa umoja wa bodaboda achomoe vinne mbele ya wote. Hizo nne zifundishwe muhula wa kwanza, zilizobaki zifundishwe muhula wa pili. Hakuna anayenyimwa, kuna anayetangulia na anayefuata, na kura imeamua, si urafiki. Hesabuni zote nane mwanzoni mwa muhula wa kwanza na tena mwishoni, kabla kundi la pili halijafundishwa. Muhula wa tatu uacheni, mitihani ya taifa ya UNEB itawameza. Jihadhari tu stegi za makundi mawili zisiwe jirani sana, kwa sababu madereva wanakunywa chai pamoja na mafunzo yatavuka barabara yenyewe.

Tufanye mfano wa hesabu ili uone kwa nini nasisitiza. Tuseme stegi mlizofundisha zilikuwa na madereva 60 kati ya 200 waliovaa sawasawa, baadaye 90 kati ya 200. Kutoka asilimia 30 hadi 45. Mkiishia hapo mtaandika kwamba mradi umeongeza pointi 15, na kwa idadi hiyo ya watu si rahisi kusema ni bahati. Lakini stegi ambazo hamkuzigusa nazo zimetoka asilimia 30 hadi 40 kwa sababu polisi walikuwa na msako mwezi huohuo. Basi pointi 10 ni za msako, na zilizobaki kwenu ni 5. Na pointi 5 kwa hesabu ya watu mia mbili mbili ni ndogo kiasi kwamba zinaweza kuwa bahati tupu. Ripoti ya kweli hapo inasema: tumeona dalili ndogo, hatuna uhakika, tutahesabu tena. Najua inauma kuandika hivyo baada ya muhula mzima wa kazi. Lakini mwanafunzi wa S3 anayeweza kuandika sentensi hiyo na kuitetea mbele ya wazazi ameelewa jambo ambalo watu wazima wengi wenye magari ya miradi hawalielewi.

Baada ya hesabu, rudini mkaulize kwa nini. Si kwa fomu, kwa mazungumzo, na kwa Kiswahili, maana pale mpakani stegi moja ina Msamia, Mteso na kijana aliyevuka kutoka Kenya asubuhi, na hicho ndicho wanachoelewana nacho siku nzima. Mtasikia joto. Mtasikia abiria wanakataa helmeti iliyovaliwa na watu kumi kwa sababu ya jasho na nywele zilizosukwa jana. Mtasikia helmeti iliyoibiwa ilipoachwa kwenye pikipiki. Hayo yakijitokeza, mhadhara mwingine hausaidii. Labda kinachohitajika ni kitambaa cha kuvaa ndani, au mahali pa kufungia helmeti kwa kufuli. Kupima vizuri kuna faida hiyo: kunawaonyesha mnachopaswa kuacha.

Halafu hesabuni kwa mara ya tatu, miezi kadhaa baadaye. Kampala kuliwahi kufanyika mafunzo ya huduma ya kwanza kwa watu 307, polisi, madereva wa taksi na viongozi wa LC (mabaraza ya mitaa), na kilichonivutia si alama za mtihani wa siku ya mafunzo bali kwamba waliofundisha walirudi baada ya miezi sita kuuliza ni ujuzi gani umeshatumika kwa majeruhi wa kweli. Mradi mwingi wa wanafunzi hufa siku ya cheti. Wako usiwe hivyo.

Usalama wa watoto wenyewe siwezi kuupitisha kwa haraka. Barabara ya Busia ina malori ya mizigo mchana na usiku. Mwalimu awepo kila wanapohesabu, hakuna kuhesabu jioni giza likianza, hakuna kuvuka barabara kufuata hesabu. Wasiandike namba za pikipiki wala kupiga picha nyuso za madereva. Siku madereva wakihisi karatasi zile zinakwenda polisi, mradi umekwisha na watoto watakuwa wamejijengea uadui kwenye njia yao ya kurudi nyumbani. Mwenyekiti wa LC1, yaani wa kijiji, mwenyekiti wa stegi na OC wa kituo waambiwe mapema mnafanya nini na mtazitumiaje hesabu.

Na kuna mada ambazo nakuomba usizipeleke kwa wanafunzi kama utafiti: ugomvi wa majumbani, unyanyasaji wa watoto, magenge. Mtoto wa miaka 15 hapaswi kugonga mlango wa jirani kuuliza nani anapigwa. Wanaweza kutangaza namba 116 ya Sauti, laini ya kusaidia watoto, na waishie hapo. Hata wakifanya hilo tu, ujue kipimo kinageuka: watu wakiiamini namba, taarifa zinaongezeka. Ukiona rejesta imepanda usikimbilie kusema uhalifu umezidi kwa sababu yenu. Inawezekana kilichozidi ni imani.

Mkitaka mradi mwingine siku zijazo, njia ni ileile: tafuta kitendo kinachookoa na ukione kikifanyika. Moto wa shule ya wasioona ya Salama, Mukono, Oktoba 2022, uliua watu 11. Klabu inayojali jambo hilo isihesabu mabango. Ipime dakika zinazohitajika kutoa bweni zima nje usiku, na ikague kama mlango wa pili unafunguka kwa ndani, leo na baada ya mwezi bila taarifa kwa wanafunzi, ila kwa kibali cha mkuu na matroni akiwepo.

Kuhusu kile wanafunzi wamejifunza, kiandikwe, lakini ukurasa wake uwe tofauti. Mtaala mpya wa 2020 unataka kazi za miradi na unatoa asilimia 20 kwa tathmini endelevu, kwa hiyo una sababu nzuri ya kukipima. Wape swali moja mwanzoni na mwishoni: mbunge amesema ajali zimepungua kwa sababu yake, utamuuliza nini? Linganisha majibu. Kosa linalofanyika hata vyuoni, ambako Makerere imekuwa ikipeleka wanafunzi wa udaktari kwenye jamii kwa utaratibu tangu 2003, ni kwamba manufaa ya mwanafunzi hupimwa kwa urahisi kuliko ya kijiji, mwishowe ya kwanza yakachukuliwa kuwa ndiyo ya pili. Stegi haifaidiki kwa sababu tu mwanafunzi amepata A.

Mwaka jana haujapotea wote. Hesabu ya kabla hamnayo na haiwezi kutengenezwa sasa. Usiwaulize madereva wakumbuke walikuwa wakivaa nini, kumbukumbu zao zitawapendelea. Lakini stegi mlizofundisha zinajulikana na ambazo hamkufika zinajulikana. Zihesabuni zote wiki moja, kwa utaratibu nilioueleza. Kukiwa na tofauti, andika kwamba ipo, na palepale uandike jinsi mlivyochagua stegi za kwanza, kwa sababu kama mlikwenda kwenye zile zenye mwenyekiti mkali aliyewakaribisha, huenda madereva wake walikuwa wakivaa tangu zamani. Waulize pia wenye maduka ya vipuri wanaouza helmeti kama wana daftari la mauzo la miezi ile. Anayeandika kila alichouza anaweza kukupa ushahidi usiotegemea adabu ya mtu. Ukipata hata madaftari mawili, yaambatanishe. Kwa mkuu wa shule andika ukurasa mmoja: tulichofanya, tulichokihesabu mwaka huu, tusichoweza kukisema kuhusu mwaka jana, na tarehe ya hesabu ya kwanza ya muhula ujao. Tarehe hiyo iwe kabla ya somo la kwanza kwenye stegi yoyote.